Barua zenu: Wajula, watu wa kola na kitabu

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliniuliza kola ni tunda gani. Nilimjibu kwa ufupi kwamba ni kokwa chungu ya kutafuna itokayo misitu ya Afrika Magharibi, nikadokeza kwamba nilijifunza kuitafuna kwa Wajula wa Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, uzao wa wafanyabiashara Waislamu walioishi karne nyingi chini ya wafalme wasio Waislamu bila kuwapiga vita na bila kuipoteza dini yao. Niliishi huko miaka minne kuanzia 1994, mume wangu alipopata kazi kwenye mambo ya pamba. Niliacha kufundisha historia Tanga nikawa mama wa nyumbani katika mji ambao hata salamu yake sikuijua. Sikudhani mistari ile michache ingeleta barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua tano, na nyingine zilizouliza mambo hayohayo zitapata jibu lao humohumo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kigoma. Katika daftari langu la historia nimeandika kwamba Samori Ture, yule aliyepigana na Wafaransa, alikuwa Mdyula, na mstari wa chini yake nimeandika "Dyula ni wafanyabiashara." Je, ni kabila au ni kazi? Mimi na mwenzangu tumebishana mpaka leo.

Marahaba, mwanangu. Mmepatia wote wawili. Katika lugha za jamii ya Kimande, jula ni mfanyabiashara, hasa yule anayefunga mzigo akaenda mbali. Wafaransa huandika Dioula, Waingereza Dyula, na mimi naandika Jula kwa kuwa ndivyo nilivyosikia wenyewe wakitamka. Tangu karne ya 14 na ya 15 familia za wafanyabiashara zilitoka katika dola la Mali zikashuka kusini kufuata dhahabu na kola. Zilifika kwa watu wasiosema lugha yao: Wasenufo, Wabobo, Waakan na wengine. Wenyeji wakawaita kwa kazi yao. Wakazaa hapo, wakazika hapo, wakapata wajukuu na vitukuu, na jina la kazi likawa jina la watu.

Wewe wa Kigoma hili utalielewa upesi. Katika misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora kuja kwenu Ujiji, jina Mnyamwezi lilikaribia kuwa na maana ya mpagazi. Huku kwetu jina la watu lilisogea likawa kazi, na kule kazi ikasogea ikawa jina la watu. Waandishi wa Kiarabu wa zamani waliwaita wafanyabiashara hawa Wangara, na Wahausa wanalo jina hilo mpaka leo. Ukikutana na mtu wa ukoo wa Wattara, Saganogo, Sise, Ture au Kamara, ujue unaweza kuwa umekutana na mtoto wa misafara hiyo.

Neno hilo limebeba na uchungu. Kule Côte d'Ivoire watu wengi humwita "Dioula" Mwislamu yeyote wa kaskazini, hata kama kwao ni Msenufo. Katika miaka iliyotangulia vita vya 2002 jina hilo lilitamkwa kwa dharau, na mtu aliweza kusimamishwa barabarani akaulizwa karatasi kwa sababu ya jina lake la ukoo tu.

Kuhusu Samori, andika kwamba alizaliwa yapata mwaka 1830 katika familia ya wafanyabiashara. Mama yake alitekwa mwaka 1853, naye akajiunga na jeshi la waliomteka ili amkomboe. Humo ndimo alimojifunzia vita, na uchuuzi akauacha. Wafaransa walimkamata tarehe 29 Septemba 1898, akafia uhamishoni Gabon mwaka 1900. Nitamrudia hapo chini, kwa sababu kuna mwaka mmoja katika maisha yake ambao sisi walimu huwa tunauruka.

Mwalimu, mimi ni mama wa biashara, nauza vitenge kwa jumla Kariakoo. Mzigo wa Tunduma ukiondoka usiku silali mpaka nipigiwe simu kwamba umefika. Hao watu wako hawakuwa na simu wala benki. Walikuwa wanaaminianaje?

Mdogo wangu, walikuwa na jatigi. Ukilitafsiri neno hilo utapata mwenyeji, lakini huyu ni mwenyeji mwenye kazi kubwa. Mjula akiingia mji wa kigeni na punda wake, hakukimbilia sokoni. Alikwenda kwa jatigi wake, ambaye mara nyingi alikuwa wa ukoo wake, au aliyesoma kwa sheikh mmoja na baba yake. Jatigi alimpa chumba na chakula, akauweka mzigo ghalani, akamweleza bei ya wiki ile, akamtafutia mnunuzi. Mnunuzi akichukua kwa mkopo, jatigi ndiye aliyejua anakaa wapi na mzee wake ni nani. Chumba hakikulipiwa. Chake jatigi alikipata kwenye udalali, na siku mwanawe akisafiri kwenda mji wa mgeni yule, naye alipokewa hivyohivyo. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wajula walilifanya hilo kuwa utaratibu wa biashara, ukaunganisha ukingo wa jangwa na ukingo wa msitu.

Mtu akimdhulumu jatigi wake hakupoteza mteja mmoja tu. Habari ilitangulia mbele yake, mji kwa mji, na nani angempokea tena? Binti yake angeposwa na nani, wakati wakwe wote wanatoka katika nyumba hizohizo?

Utauliza kwa nini mgeni asipange chumba chake akasubiri bei ipande. Ni kwa sababu ya mzigo wenyewe. Kola inaota msituni, lakini walaji wake wakubwa wako nyika za kaskazini na ukingoni mwa jangwa, ambako haioti. Chumvi nayo inatoka jangwani, zamani Taghaza na baadaye Taoudenni, ikiwa imekatwa mabamba mazito kama mawe ya kaburi, na kadiri inavyoshuka kusini ndivyo inavyokatwa vipande vidogo na bei kupanda. Katikati yupo Mjula. Kwenye nyika alitumia punda na maksai. Akikaribia msitu, mbung'o waliua wanyama, mzigo ukahamia vichwani mwa watu. Miji yake mikubwa ilikua palepale mizigo ilipobadilishwa mikono: Begho, Bonduku, Kong, Bobo, Salaga. Chumvi inaweza kusubiri. Kola haisubiri.

Hili nililiona kwa macho yangu. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa muuza kola, mwanamke wa miaka sabini hivi, mkavu, mwenye mikono iliyopauka. Kila baada ya siku tatu nne alimimina kapu zima juu ya gunia lililoloweshwa, uani, chini ya mwembe, akaanza kuzigeuza moja moja. Kola iliyomenywa ina ukubwa wa yai dogo la kuku, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu kama ufizi. Kila moja aliiminya kwa kidole gumba. Akikuta kitobo cha mdudu, alichokoa kwa ncha ya kisu mpaka akafika penye nyama safi, akaifuta kwa jani. Zenye madoa aliziweka kando ziuzwe siku hiyohiyo kwa bei ya chini. Nzima alizirudisha kapuni, tabaka moja la majani mabichi mapana, tabaka la kola, tena majani, akinyunyiza maji kwa vidole kama anayebariki. Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Siku moja nilimuuliza kwa nini asimwachie mjukuu. Akasema kola ikikosa hewa inaungua, ikipata hewa nyingi inakauka, na mjukuu bado hajui kuisikiliza.

Ukiitafuna ni chungu, mate yanajaa, halafu ukinywa maji yanakuwa matamu ajabu. Inafukuza usingizi na njaa, wala si kileo, ndiyo maana ilipendwa na watu wa dini na wasafiri. Kama tambuu na popoo kwetu pwani, mgeni hapokewi bila hiyo. Posa inapelekwa kwa kola. Wazee wa binti wakiigawa na kuila, neno limekubaliwa.

Umesema hawakuwa na benki, lakini fedha walikuwa nazo. Dhahabu ya vumbi ilipimwa kwa mithkali, jina lilelile la vitabu vya fikihi, na manunuzi ya kila siku yalifanywa kwa kauri, simbi zilizotoka mbali, visiwa vya Maldivi. Na hapa pwani yetu inaingia. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walinunua kauri Zanzibar, wakazizungusha kwa meli kupita Rasi ya Tumaini Jema mpaka Ouidah na Lagos. Zilikuwa kubwa na za bei rahisi, zikashushwa kwa wingi mno, thamani ya kauri ikaporomoka. Mwanamke aliyeokota simbi kwenye mwamba wakati wa maji kupwa hakujua kwamba anachoshika kitakuwa pesa upande wa pili wa Afrika.

Assalaam alaykum, mwalimu. Ninafundisha madrasa Lamu. Umeandika kwamba Wajula waliishi karne nyingi chini ya wafalme wasio Waislamu, bila kuwapiga vita na bila kuipoteza dini yao. Naomba utufafanulie, kwa sababu wanafunzi wangu wakubwa wananiuliza juu ya jambo hili na sina kitabu.

Waalaykum salaam, ustadhi. Barua yako ndiyo iliyonikalisha mezani muda mrefu kuliko zote.

Wajula wanamtaja mtu mmoja, al-Haji Salim Suwari. Asili yake ni mji wa Ja katika nchi ya Masina, Mali ya leo, na wanahistoria wengi humweka katika karne ya 15. Wazee husimulia kwamba alihiji mara saba, kisha akakaa Jahaba, upande wa machimbo ya dhahabu ya Bambuk, akifundisha. Mafundisho yake ndiyo yaliyowaongoza Wajula na ndugu zao Wajakhanke.

Alikuwa akijibu swali la kweli la watu wa safari. Umezaliwa Mwislamu, baba yako ni mfanyabiashara, nawe umelala katika mji wa mfalme anayechinjia mizimu. Uhame? Upigane? Unyamaze mpaka usahau kusali? Suwari alifundisha kwamba asiyeamini yuko katika ujinga, na ujinga si uovu. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye kila watu watatoka lini katika ujinga huo, na kuwasukuma kwa nguvu ni kuiingilia kazi yake. Vita havifai ila kwa kujilinda. Utawala wa asiye Mwislamu unaweza kukubaliwa, hata kusaidiwa, maadamu unakuacha uishi kwa Sunna. Kisha akaweka masharti mawili yaliyo mazito kuliko yote: Mwislamu awe mfano mwema mbele ya majirani zake, na asiache kusoma, maana jamii ndogo katikati ya watu wengine ikiacha elimu itapotea yenyewe bila kuguswa na mtu.

Naomba wanafunzi wako walitazame sharti hilo la mwisho. Watu husoma habari za Suwari wakafurahia upole wake, wakasahau kwamba upole ule ulisimama juu ya kazi ngumu ya kusoma. Alimu wa Kijula alipaswa kuvipitia vitabu vitatu kwa mwalimu wake, neno kwa neno: Tafsiri ya Jalalayn, ambayo najua mnaisoma hata kwenu, Muwatta ya Imamu Malik, na Shifaa ya Kadhi Iyadh. Akimaliza alipewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, yenye mlolongo wa majina, mwalimu wa mwalimu wa mwalimu, na milolongo mingi ya nchi ile inapanda mpaka kwa Suwari. Ukoo wa Saganogo ulitoa maimamu na walimu wa miji mingi kwa njia hii. Msafiri aliyefika mji asikojulikana alifungua ijaza yake, na mara watu walijua ni wa nani.

Mwalimu wao anaitwa karamogo. Neno hilo lilisafiri mbali kuliko wenyewe. Watu wa Ghana wanaosema Kitwi humwita Mwislamu Kramo, na katika magofu ya Begho, mji uliostawi mpaka karne ya 18, mtaa wa Waislamu unajulikana kwa jina hilohilo la Kramo. Ulikuwa peke yake, mbali kidogo na mtaa wa Wabrong wenyeji na mtaa wa mafundi. Unaona walivyoishi: mji mmoja, soko moja, mitaa mbalimbali, kila mmoja na ibada yake. Kumasi, kwa mfalme wa Asante ambaye hakuwa Mwislamu, mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwapo Waislamu waliomwandikia barua kwa Kiarabu na kumwombea dua. Mashati ya vita ya wakuu wa Asante yalishonewa hirizi za maandishi yao, zimefungwa kwa ngozi, kifua kizima.

Najua hapo kwenye hirizi utakunja uso. Wako maulamaa wa huko waliokunja nyuso pia, na katika karne ya 19 wapiganaji wa jihadi walioinuka pande nyingine za Afrika Magharibi waliiona njia ya kuishi kwa amani na wafalme kama hawa kuwa ni ulegevu. Mimi nina maoni yangu. Katika uwanja wetu watoto wa chuo walikaa jioni kuzunguka moto wa kuni walizookota wenyewe, kila mmoja na ubao wake wa mbao, wakisoma kwa sauti moja huku jirani yetu Mbobo, ambaye hakuwa Mwislamu, akipika pombe ya mtama ukuta wa pili. Siku mtoto wa Mbobo yule alipougua homa, karamogo alimwandikia aya ubaoni, akaiosha, akampelekea maji. Wao huyaita nasi. Sisi tunaita kombe. Baba wa mtoto aliyapokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia asilimu, na hakuna aliyeacha kumsalimia. Sijawahi kuona dini inayoheshimiwa na asiye wake kuliko pale.

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nimechoka na historia inayofutwa damu. Hao wafanyabiashara unaowasifu waliuza watu. Sisi wa Bagamoyo tunajua misafara ilibeba nini. Sema na hilo.

Ni haki yako kunidai, na sina la kupunguza. Waliuza watu. Mateka walibadilishwa kwa chumvi, kwa kola, kwa farasi, na wengi waliwekwa kwenye vijiji vya mashamba kuzunguka miji kulisha waliokaa wakisoma. Alimu aliyenakili Shifaa usiku alikula mtama uliolimwa na mtumwa. Kola niliyoisifu hapo juu, sehemu kubwa ya safari yake ilibebwa juu ya vichwa vya watu ambao hawakuulizwa.

Wala si kwamba wote walifuata Suwari. Wajula wenyewe hutofautisha nyumba za mori, yaani watu wa chuo, na nyumba za tuntigi, watu wa vita. Yapata 1710 Seku Wattara aliutwaa mji wa Kong, kaskazini ya Côte d'Ivoire ya leo, akaufanya makao ya dola lililotawala njia za biashara. Nduguye Famagan alishika upande wa Bobo. Wapanda farasi wao walivamia na kuteka. Hata hivyo Kong ikawa mji wa misikiti na vyuo, na wa vitambaa vya buluu na vyeupe vilivyofumwa na wanaume kwa ukanda mwembamba mwembamba kisha ukashonwa pamoja. Ufumaji huo bado upo. Wafumaji Wajula wa Waraniéné, karibu na Korhogo, wanaufanya mpaka sasa.

Ramani za Ulaya, tangu mwishoni mwa karne ya 18, zilichora safu ya milima mikubwa ikaitwa Milima ya Kong, ikakata Afrika Magharibi kutoka upande hadi upande. Mfaransa Binger aliingia Kong tarehe 20 Februari 1888, akautafuta mlima asiuone. Hapakuwa na kitu. Kwa karibu miaka 90 Wazungu walinakiliana mlima usiokuwapo, na wakati huohuo Mjula yeyote mwenye punda angewaambia kwamba njia ile ni tambarare.

Sasa mwaka ule tunaouruka darasani, ni 1897. Jeshi la Samori, akisukumwa mashariki na Wafaransa, liliibomoa na kuichoma Kong. Mtoto wa wachuuzi wa Kijula ndiye aliyeuteketeza mji mkubwa wa elimu wa Wajula. Nimefundisha Samori miaka 20 kama shujaa aliyepambana na ukoloni, na ni kweli alipambana, kwa akili na ushupavu mkubwa. Lakini mateka aliowauza kununulia farasi na bunduki walikuwa Waafrika, na Kong iliungua kwa mkono wake. Yote hayo yanamhusu mtu mmoja, na mwanafunzi anastahili kuyapata yote.

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa na msahafu ambao babu yake alitoka nao Kong. Aliufungua mbele yangu mara moja tu, siku ya Maulidi. Karatasi zake hazikushonwa. Ni kurasa huru, moja moja, zimepangwa katika mkoba wa ngozi wenye kifuniko, na kila fungu limezungushiwa uzi wa pamba. Wino wa maneno ni kahawia, irabu zimetiwa kwa wekundu. Alizihesabu kurasa kabla ya kufungua na akazihesabu baada ya kufunga. Nilimuuliza babu alibeba nini kingine. Akasema alimbeba shangazi yake mdogo.

Kong ilijengwa upya. Misikiti yake miwili ni miongoni mwa minane ya kaskazini ya Côte d'Ivoire iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2021. Ni ya udongo, na kutani mwake zimetokeza ncha za magogo. Mgeni hudhani ni urembo. Mafundi huzikanyaga kupanda juu na kuukandika ukuta upya mvua zikiisha.

Salamu kutoka Muscat. Sisi hapa tuna wazee wanaosema Kiswahili cha Unguja. Nimesoma mahali kwamba msafiri Ibn Battuta aliwakuta Waibadhi, watu wa madhehebu ya hapa Oman, katika nchi ya Mali. Je, ni kweli? Na lugha ya hao Wajula inafanana na yetu hata kidogo?

Ni kweli, ndugu yangu. Ibn Battuta, ambaye alikuwa Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alivuka Sahara mwaka 1352 kwenda Mali. Njiani alipita mji aliouita Zaghari, akaandika kwamba wakazi wake ni wafanyabiashara weusi waitwao Wanjarata, ndio Wangara wetu, na pamoja nao watu weupe wa madhehebu ya Kiibadhi waitwao Saghanaghu. Ukilinganisha jina hilo na ukoo wa Saganogo niliokwisha kuutaja, utaona sababu ya wanahistoria kulitazama mara mbili. Saganogo wa baadaye ni Wamaliki, yaani Sunni wa madhehebu ya Imamu Malik, kama Wajula wote wa zamani. Huko Mali pia aliandika kwa furaha kwamba watoto waliozembea kuhifadhi Kurani walitiwa pingu miguuni mpaka wahifadhi.

Wiki yangu ya kwanza Bobo nilisali na wanawake wa uani. Walisimama mikono ikining'inia ubavuni, nami Mshafii nimeifunga kifuani. Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mzee Mmanga, Mwarabu wa Oman na Mwibadhi, aliyekuwa na duka mtaani kwetu, ambaye alisali hivyohivyo. Sikujua wakati ule kwamba Wamaliki wa Afrika Magharibi nao huiachia mikono. Sikujua pia kwamba kufunga mikono kulikuwa na maana yake huko: tangu miaka ya 1940 na 1950 ndiyo iliyokuwa alama ya wanamageuzi wa Kiwahabi, na Bouaké ya Côte d'Ivoire na miji mingine watu walifarakana misikitini kwa ajili hiyo. Wale mama walinitazama, wakanyamaza siku tatu. Siku ya nne mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani. Nikasema ni wa Tanga.

Lugha yenyewe si ya Kibantu. Ni ya Kimande, na Mbambara na Mjula wanaelewana. Hata hivyo Kiarabu kimetupitia sote. Kitabu ni kitabu, na dunia wanaita duniya. Sababu ni sababu. Akili ni hakili, Alhamisi ni alamisa, Ijumaa ni juma. Wakati sijajua sentensi hata moja nilikuwa nikikamata maneno haya katika maongezi ya watu kama mtu anayesikia jina lake kwenye umati.

Nitakuachia salamu ya asubuhi, maana ndiyo iliyonifungulia mji ule. Wanauliza, "Here sira wa?", yaani usiku ulipita kwa heri? Here ndiyo heri yetu. Unajibu, "Here doron," heri tupu. Wanaendelea kuuliza hali ya watu wa nyumbani, mmoja mmoja, na huwezi kutaja bei ya kitu kabla hawajaisha wote. Mwanamume akisalimiwa huanza kwa kuitikia "nba", mwanamke "nse". Wewe utasema nba.